Mkia Unaokaa Mkononi: Tathmini ya Mishipi ya Nyuma kwa Fimbo za Mikono Miwili

Anayevua kwa nzi bandia (chambo kilichotengenezwa kwa mfano wa mdudu) na fimbo ya mikono miwili hurusha kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo mshipi hubebwa na maji, ukakata mto polepole kutoka ng'ambo hadi unyooke upande wa chini, na safari hiyo huweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Kisha mvuvi huuvuta tena, mkono baada ya mkono, akikusanya mikunjo vidoleni mpaka awe tayari kurusha upya. Ukiigawanya saa moja ya uvuvi kwa hesabu hiyo, utagundua kwamba ule mshipi mwembamba ulio nyuma huruka hewani kwa muda mdogo sana, na muda wote uliobaki ama umelala majini ama umo mkononi. Pamoja na hayo, maneno yanayoandikwa kwenye vifungashio vyake karibu yote ni ya umbali: unateleza vipi, unakwenda mita ngapi zaidi. Nimetumia aina zote kuu za mishipi hii kwa misimu kadhaa, katika maji baridi na ya vuguvugu, na tathmini hii inapima zaidi kile kinachotokea kati ya mrusho mmoja na unaofuata, kwa sababu huko ndiko mishipi hii inakotofautiana kweli.

Kwanza majina, ili tuelewane. Mfumo ninaouzungumzia una sehemu nne kutoka kwenye rili, yaani kifaa cha kuviringishia mshipi, kwenda kwa samaki. Kuna mshipi wa akiba, ambao huonekana tu pale samaki mkubwa anapokimbia. Kuna mshipi mwembamba wa nyuma, kwa kawaida wenye urefu wa mita 30 hivi, ambao hapa nitauita mkia. Kuna kichwa, kipande kifupi na kizito ambacho uzito wake ndio unaokunja fimbo na kubeba kila kitu kwenda mbele. Mwisho kuna uzi wa mbele unaofungwa nzi. Mkia na kichwa huunganishwa kwa vitanzi viwili, na ndiyo maana mtu anaweza kubadili kimoja bila kukigusa kingine. Ipo pia mishipi inayotengenezwa kwa kipande kimoja, mkia na kichwa vikiwa vimeungana kiwandani, lakini hiyo inamwondolea mnunuzi uamuzi huu wote, kwa hiyo naiacha kando.

Kurusha kwa mtindo huu kulichukua jina lake kutoka mto Spey wa Uskoti, ambako katika karne ya 19 wavuvi wa salmoni walitumia mishipi mirefu ambayo karibu yote ilinyanyuliwa kutoka majini kila waliporusha. Mishipi ya namna hiyo haikuhitaji sana mkia wa kuteleza, kwa kuwa kilichotupwa na kilichonyanyuliwa kilikaribiana urefu. Mkia ulipata cheo chake vichwa vilipofupishwa: huko Skandinavia kwa vichwa vyepesi vyenye ncha ndefu iliyochongoka, na katika mto Skagit wa jimbo la Washington, Marekani, kwa vichwa vifupi na vizito sana vilivyokusudiwa kubeba ncha zinazozama, yaani vipande vizito vinavyounganishwa mbele ya kichwa, na nzi wakubwa. Kichwa cha mita 7 hakiwezi kumfikia samaki aliye umbali wa mita 25 mpaka mkia uteleze na kulipa deni lililobaki, na kila unaporusha ni lazima deni hilo ulivute tena kwa mkono.

Sasa hesabu, ambayo ni fupi na inafafanua mengi. Uzito wa vichwa hutajwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648, hivyo kichwa cha greni 500 kina gramu 32 hivi. Mkia wa kuelea uliovikwa plastiki wenye kipenyo cha milimita 0.89 una uzito wa karibu gramu 0.56 kwa mita. Mkia wa nailoni tupu wa milimita 0.55 una gramu 0.27 hivi. Ukirusha mita 15 za mkia, ule mnene unakiongezea kichwa chako mzigo wa gramu 8.4, yaani robo ya uzito wake, na ule wa nailoni gramu 4 tu, yaani sehemu moja ya nane. Hapo hatujataja msuguano kwenye pete za fimbo, wala maji ambayo mshipi mnene huyabeba juu ya ngozi yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba nailoni inakwenda mbali zaidi wanasema kweli, na hakuna haja ya kubishana nao.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ambao wauzaji hawautaji. Kwa fimbo kubwa yenye kichwa cha greni 600 au zaidi, tofauti ya gramu nne haimpunguzii mvuvi kitu cha kuhuzunikia, hasa akiwa anavua mita 20 au 25 kama wengi tunavyovua siku nyingi. Kwa fimbo nyepesi ya kuvulia samaki aina ya trauti yenye kichwa cha greni 250, ambacho ni gramu 16 tu, mkia mnene wa gramu 8.4 ni nusu nzima ya uzito wa kichwa, na kichwa hicho kitachoka kabla ya kufika. Hivyo ushauri wa kwanza ninaoutoa bila kusita ni huu: kadiri kichwa kilivyo chepesi ndivyo mkia unavyopaswa kuwa mwembamba, na mwenye fimbo nyepesi asikubali kuuziwa mkia mnene kwa sababu tu ni rahisi kuushika.

Nailoni tupu ndiyo aina niliyoanza nayo na ndiyo niliyoipenda na kuichukia kwa zamu. Huuzwa ikiwa ya mviringo kamili au iliyobanwa kidogo kuwa bapa, kwa nguvu za takriban kilo 14 hadi 23, na jina linalofahamika kuliko mengine katika kundi hili ni Amnesia, nailoni ya siku nyingi iliyopewa jina la ugonjwa wa kusahau kwa sababu inadaiwa kusahau umbo la rili. Jina hilo limegusa donda lenyewe. Nailoni iliyokaa kwenye rili kwa wiki mbili hutoka ikiwa na mizunguko kama chemchemi ya saa, na mizunguko hiyo ikiachwa hivyo hukamatana kwenye pete ya kwanza katikati ya mrusho. Dawa yake ni kuivuta kabla ya kuanza: unatoa urefu wa mikono miwili kwa wakati, unaukaza kwa nguvu ya wastani kwa sekunde kadhaa, unaendelea hadi uishe urefu utakaoutumia. Kazi hii huchukua dakika tano, na ukiifanya vizuri nailoni hulala imenyooka karibu siku nzima. Ukiifanya kwa pupa na kuivuta kupita kiasi unaiharibu, kwani nailoni iliyotanuliwa mno hairudi katika unene wake.

Upande wa kuteleza sina malalamiko. Siku ya utulivu, mikunjo ikiwa imepangwa vizuri, nailoni hutoka mkononi bila kusikika, na mara nyingi rili hutoa mlio mdogo mwishoni kwa sababu kichwa bado kina nguvu na mkia umekwisha. Ni furaha ya kweli, na naelewa kwa nini wapo wasiotaka kusikia habari ya kitu kingine.

Tatizo ni vidole. Uzi wa milimita 0.55 ulio laini na uliolowana hauna pa kushikia, na wakati wa kurusha unatakiwa kuubana kwa kidole kwenye mpini wa fimbo huku kichwa kikiuvuta kwa nguvu. Ukiponyoka mapema kidogo tu, tao la mshipi nyuma ya fimbo hulegea na mrusho mzima huanguka kama kitambaa. Katika maji yenye joto la nyuzi 12 au 15 nililimudu hilo kwa kuuzungusha uzi mara moja kwenye kidole cha shahada. Katika maji ya nyuzi 4, vidole vikiwa vimekufa ganzi, sikuumudu kabisa, na niliporudi nyumbani nilikuta mkwaruzo mwembamba kwenye kiungo cha kidole ambao sikuwa nimeuhisi ukitokea. Kuna wanaovaa kifuniko cha ngozi kidoleni, na kinasaidia, lakini baridi ikishazidi hata kifuniko hakirudishi ustadi wa kuachilia kwa wakati.

Jambo la pili ni kwamba nailoni ni nzito kuliko maji, kwa asilimia 14 hivi. Haizami kwa kasi, ila mikunjo inayoning'inia kutoka mkononi huzama taratibu, mkondo ukaishika, na wakati wa kurusha kila kunjo lazima ling'olewe kutoka chini ya maji badala ya kunyanyuliwa juu yake. Sehemu kubwa ya umbali ambao hesabu ilikuahidi hupotea hapo, miguuni pako. Ndiyo maana mpangilio wa mikunjo una umuhimu mkubwa kwa nailoni kuliko kwa mkia mwingine wowote: kunjo la kwanza liwe refu, tuseme mivuto minane, la pili mivuto sita, la tatu minne, ili yasikutane na kuviringishana, na yote yaachwe kutoka kwa mfuatano. Zipo nailoni zenye uwazi ndani, zilizotengenezwa kama mrija ili zielee. Zinapunguza shida hii, ingawa huwa nene kidogo kuliko nailoni ya kawaida yenye nguvu ileile.

Upepo nao. Sitaki kuuandikia aya ndefu. Nitasema tu kwamba nailoni nyepesi inayoning'inia hewani itajifunga kwenye kitako cha fimbo, kwenye mpini wa rili, na kwenye kifungo chochote cha koti ulichosahau kukifunika.

Mkia uliovikwa plastiki una uzi wa ndani unaobeba nguvu na ngozi ya nje inayoubeba juu ya maji. Ngozi hiyo huwa ya PVC au ya poliyurethani. Watengenezaji wa mishipi Airflo, kwa mfano, wanajulikana kwa kutumia poliyurethani, na wana mishipi yenye matuta membamba yanayokwenda kwa urefu wake ili sehemu ndogo tu iguse pete. Vipenyo vya kundi hili huanzia karibu milimita 0.6 hadi kupita 0.9, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kudhani kwamba "mkia wa plastiki" ni kitu kimoja. Wa milimita 0.66 una uzito wa gramu 0.31 hivi kwa mita, ambao umekaribia sana nailoni. Wa milimita 0.89 unakaribia mara mbili yake. Ukisoma kifungashio, anza na kipenyo kabla ya kusoma sifa nyingine yoyote.

Uzuri wa mkia huu nilianza kuuona siku nilipoacha kupima umbali na kuanza kuhesabu mirusho iliyoharibika. Vidole huushika bila kufikiri. Mikunjo hukaa wazi kwa sababu ngozi ina ukakamavu kidogo, kwa hiyo mikunjo miwili mikubwa inatosha pale ambapo nailoni ingehitaji mitatu au minne. Huelea, na unapovua maji yenye mikondo kadhaa ya kasi tofauti unaweza kuuinua na kuulaza upande wa juu wa mto ili kichwa kisikokotwe, kazi ambayo nailoni iliyozama haikubali kuifanya. Na una sifa nyingine isiyotangazwa sana: huvumilia makosa ya urefu. Kila unaporusha, kipande fulani cha mkia huwa nje ya pete ya ncha kabla ya kichwa kuanza, na kipande hicho kikiwa kirefu mno nguvu ya fimbo hukatikia pale kwenye kiungo kwa sababu kitu chembamba kinajaribu kukisukuma kitu kizito. Mkia wa plastiki, ukiwa na uzito na ukakamavu zaidi, hupitisha nguvu hiyo hata ukiacha zaidi ya mita moja nje. Kwa nailoni, nikizidisha nusu mita juu ya kawaida yangu ninalipa papo hapo. Kwa anayejifunza, ambaye bado hajajua kiungo kinapaswa kuwa wapi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mita tano za ziada ambazo hata hivyo hatazipata.

Hauna ubora wa kila mahali. Katika baridi ya kugandisha, ngozi yake hubeba maji mengi zaidi hadi kwenye pete, na maji hayo hugeuka barafu. Nailoni nayo hugandisha pete, ila polepole zaidi. Aina nyingine za plastiki hukakamaa kwenye baridi na kurudia umbo la rili, kwa hiyo nazo hudai kuvutwa asubuhi kama nailoni. Ngozi pia huchakaa. Mkia mmoja wa plastiki niliokuwa nao ulianza kupata nyufa ndogo baada ya msimu mmoja na nusu, hasa katika mita tano za kwanza baada ya kitanzi, mahali kidole kinapoubana na pete inapousugua, na baada ya nyufa ulianza kunywa maji na kuzama. Sehemu ya lawama naibeba mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nikiushika kwa mikono iliyopakwa dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, kemikali ambayo hula plastiki za namna hiyo.

Katika rili ndogo, unene unagharimu nafasi pia. Mita 30 za mkia wa milimita 0.89 zinachukua karibu sentimita za ujazo 19. Mita hizohizo za nailoni ya 0.55 zinachukua 7. Tofauti hiyo ni makumi ya mita za mshipi wa akiba, na kwa samaki anayekimbia kuelekea baharini si nafasi ya kuitupa.

Uzi wa kusukwa, ambao hauna ngozi na huwa na uwazi katikati, nimeutumia kwa muda mfupi na sitaurudia. Unaelea vizuri ukiwa mpya, haukumbuki umbo la rili hata kidogo, na haukunjiki vibaya. Lakini uso wake ulio kama visu vidogo vidogo hukwaruza kidole kilicholowana, huleta mlio wa kusugua kwenye pete, na hunyonya maji na kuyaleta mapajani kwako. Wapo wanaouapia, nadhani ni watu wenye mikono migumu kuliko yangu.

Kundi la nne ni la mchanganyiko: mita za mwanzo, karibu na kichwa, zimevikwa plastiki ili kidole kipate pa kushika, na zinazobaki ni nailoni tupu. GripShooter ya kampuni ya RIO ni ya muundo huu. Mantiki yake naiona ni sahihi kabisa, kwa sababu mahali pa kubana wakati wa kurusha ni palepale kila mara, na nailoni inayofuata ndiyo hasa inayoteleza. Rangi ya sehemu iliyovikwa huwa tofauti, hivyo hata mwanga unapofifia unajua umefika wapi. Mapungufu ni mawili. Kwanza, mahali ngozi inapoishia pana kizingiti kidogo ambacho kwa vidole huhisiwa kama fundo, ingawa kwenye pete hakikunisumbua. Pili, mikunjo yako bado ni ya nailoni, na kila nililolisema kuhusu kuzama, kuvutwa na mkondo na kujiviringa linabaki palepale. Mkia huu unatibu kidole, hautibu mikunjo. Kwa anayevua maji ya kina cha paja, mahali mikunjo inakolala majini kwa urefu wote, ni nusu ya tiba. Kwa anayesimama ufukweni au kwenye maji ya kifundo cha mguu, inakaribia kutosha.

Kuhusu vitanzi sitakwenda haraka, kwa sababu huko ndiko nilikopoteza kichwa kizima. Nilikuwa na nailoni nyembamba niliyoifunga kitanzi kidogo na kukiunganisha na kitanzi laini cha plastiki kilichotoka kiwandani mwishoni mwa kichwa. Nailoni chini ya mvutano ni kama msumeno: kwa mirusho mia kadhaa iliikata ngozi ya kitanzi kile kidogo kidogo hadi ukabaki uzi wa ndani, nao pia ukakatika siku moja katikati ya mrusho ambao, kwa bahati mbaya, ulikuwa mzuri. Kichwa kilitua ng'ambo kikiwa huru na kikaenda zake. Tangu siku hiyo hufunga kitanzi cha nailoni kwa nyuzi mbili sambamba, ili mzigo ugawanyike na kitu kinachogusa plastiki kiwe kipana zaidi, na hukagua kiungo kila asubuhi kwa ukucha. Vitanzi viwili vinapounganishwa vikae kwa kushikana mikono, kila kimoja kikiwa na umbo sawa na cha mwenzake. Kimoja kikiwa kimelizunguka shingo la kingine, ukataji huanza mara moja.

Mkia wa plastiki wenye kitanzi kilichotoka kiwandani hauna shida hiyo, mradi kitanzi kiwe kirefu. Kinapaswa kuwa na upana wa kupitisha kichwa kilichoviringishwa chote, ili ubadilishe vichwa mtoni bila kuvuta mita za mshipi kupitia tundu dogo. Kitanzi kifupi cha sentimita mbili kwenye mkia wa kubadilishia vichwa ni kosa la mtengenezaji, na nimelikuta zaidi ya mara moja.

Nguvu ya mkia nayo ina kanuni moja tu ya lazima: uzi wa mbele ndio unaopaswa kukatika kwanza. Kama uzi wako wa mbele una nguvu ya kilo 7, mkia wa kilo 14 umetosha hata baada ya fundo kuupunguzia sehemu yake, na nailoni iliyolowana hupungua nguvu kidogo tena. Mtu anayechagua mkia wa kilo 10 ili apate wembamba zaidi, kisha akafunga uzi wa mbele wa kilo 9, ameweka kamari kichwa chake kwa ajili ya mita mbili.

Lipo jambo linalohusu rili badala ya mkia, lakini linauhusu mkia kuliko kitu kingine. Nailoni nyembamba hupenya kwenye mwanya uliopo kati ya kikombe cha rili (sehemu inayozunguka na kubeba mshipi) na fremu yake, na ikishapenya hujizungusha kwenye ekseli, na hapo siku imekwisha mpaka utoke majini na kufungua kila kitu. Kabla ya kununua nailoni, chukua kipande cha uzi wa unene huo na ukijaribishe kwenye mwanya wa rili yako. Kama kinapita, nunua mkia wa plastiki au nunua rili yenye fremu iliyofungika pande zote. Uzoefu wangu ni kwamba umakini peke yake hauzuii ajali hii.

Msokoto huupata mkia wa kila aina, ila kila aina huuonyesha kwa namna yake. Mirusho inayozungusha kichwa upande mmoja siku nzima, kama vile kunyanyua nzi na kumtupa upande wa juu wa mto kabla ya kurusha, huingiza msokoto ambao hauna pa kutokea. Nailoni hulalamika mapema, kwa kujipinda yenyewe mara mikunjo inapolegea; plastiki hukaa kimya kwa saa nyingi kisha huleta fundo moja kubwa. Kila baada ya saa mbili hivi mimi humtoa nzi, huachia kichwa na mkia wote kwenye mkondo ulionyooka, na kuusubiri kwa dakika mbili ukijifungua. Kwa kuwa nailoni huonya mapema, katika hili naipa alama zaidi.

Utunzaji ni mfupi: kitambaa chenye maji na sabuni laini kwa plastiki, kikifuatiwa na kilainishi kilichotengenezwa kwa ajili ya mishipi; kwa nailoni, kupitisha kidole kutafuta mikwaruzo, na kuibadilisha bila huruma. Nailoni hufa kwa jua na kwa mafundo, na dalili yake ni weupe unaojitokeza mahali ilipokunjika. Mimi hubadilisha yangu kila msimu, na mkia wa plastiki huugeuza ncha kwa ncha pale mita za mwanzo zinapochakaa, kwa sababu nusu ya pili kwa kawaida haijawahi kuona maji.

Kuhusu aina ya kichwa, kile kifupi cha Skagit chenye ncha inayozama husukuma chochote kilicho nyuma yake, na kwa kuwa hudai kuvuta mkia mrefu kila baada ya mrusho, mikunjo inayotulia ina thamani kubwa kuliko wembamba. Hapo hutumia plastiki ya milimita 0.8 hivi kwa fimbo kubwa. Kichwa chepesi cha mtindo wa Skandinavia, kinachotua taratibu kwenye maji ya kiangazi yaliyopungua, huumizwa haraka na mkia mzito, na hapo nailoni bapa au plastiki ya 0.66 ndiyo stahili yake. Kwa vichwa virefu vya mita 15 na zaidi, ambavyo mkia wake ni mita chache tu kila mrusho, chagua kile ambacho vidole vyako vinakipenda, kwani tofauti nyingine hutaziona.

Leo nina vikombe viwili vya rili moja. Kimoja kina plastiki nyembamba ya kuelea yenye rangi ya machungwa, kitanzi kirefu, na hicho ndicho kinachokaa kwenye rili kuanzia siku maji yanapokuwa chini ya nyuzi 8, na wakati wowote ninapovua kwa kina cha paja au pale upepo unapovuma. Kingine kina nailoni bapa ya kilo 18, na hukitoa kiangazi, nikiwa nimesimama kwenye changarawe, mto ukiwa mpana na vidole vikiwa na damu ndani yake. Nikilazimishwa kubaki na kimoja, nitabaki na cha machungwa, nikijua kabisa kwamba katika mirusho yangu mitano bora ya mwaka kitanipunguzia mita tatu au nne.